Kwa nini keloidi ya sikio hurudi baada ya kukatwa

Swali: Shikamoo daktari. Nina miaka 22. Nilitoboa masikio nikiwa na miaka 17. La kushoto lilipona bila shida, la kulia likaota kinundu nyuma ya ndewe, kikakua mpaka kikalingana na gololi. Kilikatwa mwaka jana. Baada ya miezi saba kimerudi, kikubwa kuliko cha mwanzo, na usiku kinawasha sana. Dada yangu, tuliyezaliwa naye tumbo moja, alitobolewa akiwa mchanga na hana hata alama. Nasomea sayansi ya maabara, kwa hiyo usinihurumie kwa maneno magumu: ndani ya seli kunatokea nini hasa? Je, hii ni aina ya saratani? Nikikate tena? Na hili la kushoto, niendelee kuvaa hereni?

Jibu: Marahaba. Nianze na lile ambalo nadhani limekukosesha usingizi kuliko huo muwasho: hii si saratani. Haisafiri kwenda kwenye tezi wala mapafu. Hata hivyo hujawa wa kwanza kuwaza hivyo. Alibert, daktari wa ngozi wa Kifaransa wa mwanzoni mwa karne ya 19, kwanza aliupa ugonjwa huu jina lililoufananisha na saratani, kisha akalibadilisha ili watu wasiuchanganye. Jina tulilobaki nalo, keloidi, linatokana na neno la Kigiriki lenye maana ya gando la kaa. Aliona kovu linavyotoa makucha pembeni na kuishika ngozi ambayo haikuwa na jeraha.

Hayo makucha ndiyo yanayoutambulisha ugonjwa. Kovu nene la kawaida nalo huinuka, huwa jekundu na huwasha, lakini hubaki ndani ya mipaka ya jeraha lake, na baada ya miezi au miaka hunywea lenyewe. Keloidi huvuka mpaka. Inaweza kuanza miezi mingi baada ya jeraha kufunga, wakati umeshasahau, na haina kawaida ya kunywea. Hebu fikiria tundu la hereni lilivyo dogo. Gololi uliyoibeba ilijengwa karibu yote kwenye ngozi ambayo sindano haikuigusa. Kwa hiyo tunachomtafuta hapa ni yule aliyeendelea kutoa amri ya kuponya baada ya kazi kwisha, na sababu iliyozifanya seli za jirani ziitii.

Sindano ilipopenya, chembe sahani za damu zilijikusanya kuziba tundu na kumwaga protini mbili ambazo utazisikia sana: PDGF na TGF-beta. Protini hizo huita makrofaji, seli za kinga zinazomeza taka, na seli nyingine za kinga, ambazo husafisha na kumwaga ishara zaidi. Ishara hizo huita fibroblasti, seli za tabaka la ndani la ngozi, yaani demisi, zinazotengeneza kolajeni, protini ya nyuzi inayoipa ngozi uimara. Baadhi ya fibroblasti hugeuka kuwa na nyuzi za kuvuta kama za misuli ndani yake na kuvuta kingo za jeraha zikutane. Hapo wahenga wangesema mgeni njoo, mwenyeji apone. Katika kupona kwa kawaida, wageni hawa huondoka: seli za kinga hupungua, na fibroblasti za ziada hupokea amri ya kufa kwa utaratibu na kumezwa na makrofaji. Kwa mwaka mzima na zaidi, vimeng'enya, protini zinazoharakisha kazi za kikemia, hupunguza kolajeni ya haraka haraka na kuipanga upya. Kuondoka huko ni kazi yenye jeni zake na ishara zake, kama ilivyo kuja. Kwenye keloidi, ni kuondoka ndiko kulikoharibika.

Kama ningelazimishwa kutaja mtuhumiwa mmoja, ningeitaja TGF-beta, hasa aina ya 1 na ya 2. (Aina ya 3 inaelekea kufanya kinyume, kupunguza kovu.) Molekuli hii huhifadhiwa nje ya seli ikiwa imefungwa ndani ya ganda la protini, haifanyi lolote. Ikifunguliwa, hushika kipokezi chake kwenye utando wa fibroblasti. Kipokezi huongeza fosfati kwenye protini mbili za ndani, Smad2 na Smad3. Hizi huungana na Smad4, huingia kwenye kiini na kuwasha jeni za kolajeni ya aina ya 1 na ya 3, jeni ya fibronektini, na jeni ya CTGF, ambayo huurefusha ujumbe huohuo. Papo hapo huwashwa jeni ya Smad7, ambayo kazi yake ni kurudi kwenye kipokezi na kukizima. Ni mfumo mzuri: amri inabeba ndani yake mtu wa kuifuta.

Fibroblasti za keloidi zinapokuzwa maabara, vipokezi vya TGF-beta huonekana vingi kuliko kawaida, Smad3 ina shughuli nyingi, na Smad7 imepungua. Zaidi ya hapo, seli hizi hutengeneza TGF-beta yao wenyewe na kuitikia ile waliyoitoa. Ukishafika hapo, hakuna tena haja ya jeraha. Ndiyo maana uvimbe huendelea kukua mwaka wa pili na wa tatu bila sababu unayoiona kwa macho.

Matokeo yake ni kolajeni. Vipimo vinavyonukuliwa sana vinaonyesha kwamba keloidi hutengeneza kolajeni takriban mara 20 kuliko ngozi ya kawaida, na mara 3 hivi kuliko kovu nene. Uharibifu wa kolajeni nao umebanwa, kwa sababu seli hizo hutoa kwa wingi protini iitwayo PAI-1, inayozuia mfumo wa kuyeyusha fibrini (nyuzi za damu iliyoganda) na kuamsha vimeng'enya vya kusafisha. Siku ukipata nafasi ya kuitazama slaidi ya keloidi kwenye hadubini, usiikose. Demisi ya kawaida imefumwa kama kikapu, nyuzi nyembamba zinazopishana. Kwenye keloidi utaona mafungu manene yanayong'aa kama kioo, yamelala ovyo, na huhitaji hata kuongeza ukuzaji ili kuyaona. Mwanafunzi akishayaona mara moja hayasahau.

Sasa tuje kwenye kifo, maana hapa ndipo jibu la swali lako kuhusu kisu lilipo. Fibroblasti ya kawaida ikiambiwa kazi imekwisha, hufa. Hizi hazitaki ndewe wala sikio. Zina kipokezi kingi cha kichocheo cha ukuaji IGF-1, ambacho huwasha njia ya PI3K na Akt, njia inayoiambia seli iendelee kuishi. Zinapopewa ishara za kifo huitikia kwa uzito. Lakini haziko sawa kila mahali ndani ya uvimbe. Katikati ya keloidi ya zamani kuna kolajeni nyingi na seli chache, nyingi zao zimezeeka na kuacha kugawanyika. Kwenye kingo, pale inapokutana na ngozi nzuri, ndiko seli zinakogawanyika, mishipa midogo ya damu inakoota na seli za kinga zinakojazana. Wagonjwa wengine hunieleza wenyewe kwamba katikati pamelala ila pembeni ndiko kunakouma, na hadubini inakubaliana nao.

Daktari anapokata gololi yako huondoa kwanza sehemu iliyolala. Akiacha hata ukingo mwembamba, ameacha zile seli zenye hasira. Akiutoa wote, bado ameunda jeraha jipya, refu kuliko tundu la sindano, kwenye mwili uleule wenye jeni zilezile. Chembe sahani zinamwaga TGF-beta upya, makrofaji zinaitwa upya, na mishono inavuta ngozi. Ndiyo maana kukata peke yake, bila matibabu mengine, hufuatwa na kurudi kwa keloidi kwa kiwango kinachotajwa kuwa kati ya asilimia 45 na 100. Kilichokupata wewe ndicho kinachotarajiwa. Pengine ulipaswa kuelezwa hivyo kabla ya kukatwa.

Nimetaja mvutano wa mishono, na hili si jambo dogo. Keloidi hupenda kifua, mabega, mgongo wa juu na taya, mahali ngozi inapovutwa kila siku. Kwenye kope, ambako ngozi imelegea, huonekana kwa nadra sana. Zile za kifuani mara nyingi hurefuka kufuata mwelekeo ambao misuli inavuta. Seli hujuaje inavutwa? Juu ya utando wake kuna integrini, protini zinazoshika kolajeni ya nje kwa upande mmoja na kiunzi cha ndani cha seli kwa upande wa pili. Kolajeni ikikazwa, integrini huamsha kimeng'enya kiitwacho FAK, na protini mbili, YAP na TAZ, huhamia kwenye kiini na kuwasha jeni za ukuaji. Mkazo huohuo pia hulivuta lile ganda linaloifunga TGF-beta mpaka likafunguka. Kwa hiyo kovu likishakuwa gumu, ugumu wake wenyewe unazalisha amri ya kuongeza ugumu. Hili ndilo ninaloliona la kikatili kuliko yote katika ugonjwa huu.

Utaniuliza: ndewe inavutwa na nini, mbona ni nyama laini inayoning'inia? Swali la haki. Ndewe ndiyo mfano unaoikaidi nadharia ya mvutano. Kwenye sikio lawama nyingi huangukia inflamesheni ya muda mrefu, yaani seli za kinga kuendelea kupambana mahali hapo: tundu lenye chuma ndani haliwezi kufunga haraka, hereni inachezewa, inanasa kwenye nguo, mara vijidudu vinaingia. Kila tukio hurudisha seli za kinga zilizokuwa zinajiandaa kuondoka. Jaribu kukumbuka: sikio la kulia ndilo unalolilalia? Lilitoa majimaji wiki za mwanzo kuliko la kushoto? Masikio mawili yenye jeni zilezile, yaliyotobolewa siku moja, yakipishana namna hii, tofauti ya wiki hizo za kwanza ndiyo ninayoishuku kwanza. Kina nacho kina maana. Mkwaruzo wa juujuu hauleti keloidi; jeraha lazima lifike sehemu ya chini ya demisi, na tundu la hereni linapita moja kwa moja.

Muwasho wa usiku unaingia hapa. Ndani ya keloidi kuna seli masti nyingi, zile zenye vifuko vya histamini, na kuna seli T, aina nyingine ya seli za kinga, zinazotoa IL-4 na IL-13. Hizi ni saitokini, protini za kupelekeana ujumbe kati ya seli, zilezile zinazotawala kwenye pumu ya ngozi, na zinafanya mambo mawili kwa pamoja: huamsha neva za muwasho na kuzisukuma fibroblasti zitengeneze kolajeni na periostini. IL-6 nayo imepanda, na huwasha STAT3, njia nyingine ya kuzifanya seli ziishi na kuongezeka. Muwasho wako kwa hiyo ni taarifa kwamba kingo ziko kazini. Huwa nauuliza kila mgonjwa anaporudi, kwa sababu mara nyingi muwasho hupungua kabla uvimbe haujaanza kushuka, na unapoanza tena huwa najiandaa. Ila usijikune. Kucha nazo ni jeraha.

Kuna jambo jingine ambalo wewe wa maabara utalipenda. Katikati ya uvimbe, mishipa midogo ya damu hubanwa na wakati mwingine huzibwa, oksijeni inapungua, na protini HIF-1 alfa, ambayo kwa kawaida huharibiwa dakika chache baada ya kutengenezwa, inabaki hai. Huita mishipa mipya kwa kutumia VEGF, na huzihamisha seli kwenye uchomaji wa glukosi kwa njia ya haraka inayozalisha asidi ya laktiki. Fibroblasti za keloidi huendelea na tabia hii hata zikipewa oksijeni ya kutosha, jambo lililozoeleka kwenye seli za saratani.

Basi tulimalize hilo la saratani. Zinafanana katika kula glukosi, kukataa kufa na kuvuka mpaka. Zinatofautiana pale penye uzito: fibroblasti za keloidi haziingii kwenye damu kwenda kuota kwingine, na hazikusanyi mabadiliko ya DNA yanayoziongezea ukali kizazi hadi kizazi. Tofauti yao na fibroblasti nyingine iko zaidi kwenye jeni zipi zimewashwa na zipi zimezimwa: alama za methili, vikundi vidogo vya kikemia vinavyobandikwa juu ya DNA, na RNA fupi zinazodhibiti utengenezaji wa protini. RNA fupi iitwayo miR-29, ambayo kazi yake ni kupunguza kolajeni, imeshuka kwenye seli hizi, na miR-21, inayosaidia seli kuishi, imepanda. Uchunguzi wa RNA wa seli mojamoja uliochapishwa 2021 ulionyesha kwamba fibroblasti zenyewe si kundi moja, na kwamba kwenye keloidi kuna ongezeko la kundi linalobeba sura ya seli za kujenga mfupa na gegedu. Kazi hizi zote zinafanywa kwa vipande vinavyotolewa kwa wagonjwa, kwa sababu panya hapati keloidi. Wala sungura. Ni ugonjwa wa binadamu peke yake, na hilo limewachelewesha watafiti kuliko watu wanavyodhani.

Sasa dada yako. Kuzaliwa tumbo moja kunawapa wastani wa nusu ya jeni kwa pamoja, hivyo huenda hakurithi ulichorithi wewe. Kwenye koo zenye keloidi nyingi, urithi mara nyingi hufuata mtindo ambao nakala moja ya jeni inatosha, lakini si kila mwenye nakala hiyo hupata uvimbe. Utafiti mkubwa wa Wajapani uliochapishwa 2010 ulikuta maeneo ya hatari kwenye kromosomu ya 1, ya 3 na ya 15. Hili la mwisho liko kwenye jeni NEDD4, inayohusika na kuamua protini zipi zivunjwe. Mwaka 2017 ukachapishwa utafiti wa ukoo mmoja wa Nigeria ambao ulikuwa na badiliko kwenye jeni ASAH1. Jeni hiyo hutengeneza kimeng'enya kinachovunja seramidi, aina ya mafuta ya seli, na seramidi ni mojawapo ya ishara zinazoiambia seli ife. Unaona tunavyorudi palepale.

Lakini kuna maelezo mepesi zaidi, nayo ni umri. Dada alitobolewa mchanga, wewe ukiwa na 17. Keloidi nyingi huanza kati ya miaka 10 na 30, na utafiti wa 2005 kuhusu utoboaji wa masikio ulikuta kwamba waliotobolewa kuanzia miaka 11 walipata keloidi zaidi ya waliotobolewa kabla ya hapo. Homoni za balehe zinatajwa, na ujauzito nao hujulikana kuzichochea keloidi zilizopo. Kwa hiyo usimtumie dada yako kama ushahidi kwamba damu yake ni nzuri na yako ni mbaya. Akitoboa tundu jipya leo, simhakikishii.

Na kwa kuwa watu hudhani chanzo ni weusi wa ngozi: ni kweli keloidi huwapata zaidi watu wenye asili ya Afrika. Kwa muda mrefu ilidhaniwa melanini ndiyo mkosaji, hadi utafiti uliochapishwa 2015 ulipolinganisha Waafrika wenye ualbino na wasio nao, ukakuta keloidi kwa wote wawili kwa viwango vinavyokaribiana. Hatari inarithiwa pamoja na rangi, bila rangi yenyewe kuwa sababu.

Tiba utaielewa ukiifuata njia tuliyopita. Triamsinoloni, sindano ya steroidi inayodungwa ndani ya uvimbe wenyewe, kwa kawaida miligramu 10 hadi 40 kwa mililita kila baada ya wiki 4 hadi 6, hushusha TGF-beta, huzima jeni za kolajeni na kuzifukuza seli za kinga. Muwasho ndio huondoka mwanzo. Ubaya wake ni kwamba inaweza kuikondesha ngozi ya pembeni na kuipausha. Ikichanganywa na 5-fluorourasili, dawa inayozuia utengenezaji wa DNA, hupata nguvu dhidi ya seli zinazogawanyika kwenye kingo, haipewi mjamzito. Kugandisha kwa naitrojeni ya kimiminika huua seli na kuharibu mishipa inayozilisha. Mionzi ya dozi ndogo, ikianza ndani ya siku moja au mbili baada ya upasuaji, huzikamata fibroblasti zinapojiandaa kugawanyika. Ni tiba yenye matokeo mazuri, ila kwa mtu wa miaka 22 ningeijadili kwa utulivu kabla ya kuikubali. Hereni za kubana hupunguza damu na mvutano, lakini zinataka uvumilivu wa saa nyingi kila siku kwa miezi.

Kwa hiyo, ungekuwa mbele yangu, nisingekupeleka kukatwa kesho. Ningedunga triamsinoloni mara tatu au nne kwanza, kuutuliza ukingo na muwasho, kisha nipime. Ikibaki kubwa kiasi cha kukusumbua, itakatwa, lakini miadi ya sindano za baadaye na hereni ya kubana iwe tayari kabla kisu hakijaguswa. Baada ya hapo ningekuona kwa miaka miwili, si miezi miwili. Asiyekubali kukupangia hayo, usimruhusu akate.

Sikio la kushoto limekaa miaka mitano bila neno, na tundu lililokwisha kupona halina sababu ya kuanza leo likiachwa kwa amani. Vaa hereni nyepesi, ivue ukilala, na ikianza kuwasha au kutoa majimaji, itoe siku hiyohiyo. Tundu la pili juu yake, hapana.